Vidole Viwili vya Hewa

Katika soko la Mbulu, kwa miaka ishirini na miwili, hakuna mtu aliyepima mahindi kama Joakimu Bura. Wapimaji wengine walilijaza debe, wakapitisha ubao juu yake, wakakwambia haya, chukua. Joakimu alijaza, akatikisa, akajaza tena, kisha akarundika kichuguu juu mpaka punje zikaanza kuporomoka na kuku wa sokoni wakaja mbio. Debe lisilomwagika, alikuwa akisema, ni tusi kwa mnunuzi. Hata nyumbani, mgeni akiletewa kikombe cha chai kilichopungua kidogo, Joakimu alikirudisha jikoni kwa mkono wake mwenyewe, na mke wake Fabiola akanuna mpaka jioni. Ndivyo walivyolelewa huko juu milimani, na si malezi mabaya. Ila mtu mwenye sifa moja ana tabia ya kutembea nayo kila mahali, hata pale isipoalikwa.

Kiuno chake kilipokataa magunia, Alex ndiye aliyemwokoa. Alex alikuwa mtoto wa rafiki yake wa zamani, mhandisi huko Arusha, na alikuwa amejenga nyumba ya mapumziko kando ya Ziwa Basotu, upande wa Hanang. Mbele ya nyumba akajenga gati la mbao la kwake mwenyewe, na kwenye gati akafunga boti nyeupe yenye viti vya bluu. Boti ile haikuvua samaki, haikubeba mzigo wala haikuvusha mtu. Ilikuwa boti ya matembezi tu: Jumamosi Alex anakuja na wageni, wanazunguka ziwa, wanawapiga picha viboko kwa mbali, wanarudi kula nyama choma. Wenyeji waliishangaa kwa miezi miwili, kisha wakaizoea kama unavyomzoea shemeji asiye na kazi. Joakimu aliletwa kuilinda, kufagia gati na kufuta kinyesi cha ndege kwenye viti.

Mafuta hayakuwa kazi yake. Mafuta yalikuwa kazi ya Festo, mwendesha bodaboda wa pale pale Basotu, baba wa watoto wawili, aliyewahi kuhangaika na injini za boti kule Mwanza kabla ya kurudi kwao. Festo alileta petroli kwenye madumu mawili aliyoyafunga kamba nyekundu shingoni, akaichanganya na oili kwa kipimo anachokijua yeye, akajaza tenki, akaondoka. Madumu mengine, yasiyo na kamba, yalikuwa ya maji. Kazi iliyomlisha Festo hasa ilikuwa hiyo ya maji: kuyachota ziwani na kuyapeleka kwa pikipiki kwenye maboma ya mbali, mpaka upande wa Getanuwas, kwa akina mama wazee na wale wasio na punda. Walimwamini. Mtu unayemkabidhi maji ya kunywa ya nyumba yako humchagui kwa sura.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa ya kukata masikio na ziwa limefunikwa ukungu, Festo alikuja mapema akiwa na haraka. Kulikuwa na ubatizo mahali, maji yalitakiwa mengi, na siku iliyofuata Alex alikuwa anakuja na wakwe zake. Akamwamkia Joakimu, akashusha yale madumu mawili yenye kamba, petroli ikiwa imeshachanganywa, na kwa mara ya kwanza akamwachia mzee kazi yenyewe.

“Mzee, tenki litoe kwenye boti, liweke hapa kwenye nyasi,” alisema. “Jaza, lakini usifike juu. Acha vidole viwili vya hewa, petroli ikipata jua inavimba. Halafu funga, kausha na tambara, ndiyo urudishe. Boti siyo pikipiki. Ukimwaga kwenye boti haina pa kwenda. Inakaa tumboni inasubiri cheche, au inaingia kwenye maji.”

Joakimu aliitikia kwa kichwa mara nne, kama mtu mzima anayefundishwa kula. Festo alipopotea kwenye ukungu, mzee aliliangalia lile tenki jekundu, akayaangalia madumu, akaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Vidole viwili vya hewa! Yaani Alex, mtoto wa rafiki yake, aje na wakwe zake, afungue tenki, akute limepunguzwa? Sokoni Mbulu mtu aliyepima hivyo walimwita mwizi. Na kulitoa tenki nje, kisha kulirudisha likiwa zito, kiuno chake kingekuwa na la kusema juu ya hilo.

Kwa hiyo alilijaza humo humo ndani ya boti. Alisimamisha faneli, akainua dumu, akamimina. Akatikisa tenki, akamimina tena. Petroli ikapanda mpaka kwenye shingo ya faneli, ikasimama pale ikitetemeka, na kidogo ikatiririka ubavuni. Joakimu akatabasamu. Hicho kidogo, alijiambia, ni baraka. Akafunga kizibo, na ile skrubu ndogo ya hewa iliyoko juu ya kizibo, iliyokuwa imelegea, hakuigusa, kwa sababu hakujua kama ipo kwa kazi yoyote. Akafunika boti kwa turubai, akaenda kunywa chai.

Saa tano ukungu uliondoka, na saa sita jua lilikuwa kali kama linadai kisasi kwa baridi ya asubuhi. Joakimu alirudi gatini kufuta viti. Alipofunua turubai, harufu ilimpiga puani akarudi nyuma hatua mbili. Tenki lilikuwa linatoka jasho. Petroli ilikuwa imevimba kama alivyoambiwa kwamba itavimba, ikasukumwa nje kwenye kile kitundu cha skrubu, ikashuka pole pole kwa saa nzima, na chini kwenye sakafu ya boti, ndani ya maji yaliyobaki ya kuoshea, kulikuwa na rangi zote za upinde wa mvua.

Mtu mwingine angempigia Festo simu. Joakimu aliona haya. Akilini alimwona Festo akija, akiangalia, akisema kwa heshima zake zote kwamba mzee, nilikwambia vidole viwili. Hakuweza kulivumilia hilo. Alichukua bakuli la plastiki, akaanza kuyachota yale maji ya sakafuni na kuyatupa ziwani, bakuli baada ya bakuli, yapata thelathini. Ziwa ni kubwa, alijiambia. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, na juu ya petroli hawakusema kitu, labda kwa kudhani hakuna mjinga wa kuijaribu.

Ziwa lilikuwa kubwa, ni kweli, lakini upepo wa mchana ule ulikuwa unavuma kuelekea upande mmoja tu. Hatua mia moja kutoka gatini, pembeni ya majani, kulikuwa na mahali ambapo wafugaji wa Kibarbaigi walinyweshea ng'ombe wao na wasichana wao walichota maji. Ule utando wa rangi ulisogea huko bila haraka, ukafika, ukatulia.

Ng'ombe ndio waliojua kwanza. Walishuka kwa kukimbia kama kawaida ya ng'ombe wenye kiu, wakainamisha vichwa, wakapiga chafya, wakarudi nyuma. Mchungaji aliwapiga, wakakataa. Joakimu aliyaona hayo yote akiwa amesimama gatini na bakuli mkononi. Akaliweka bakuli chini taratibu, akalisogeza kwa mguu mpaka chini ya kiti.

Hazikupita saa mbili akaja Mama Gidamis. Alikuwa mwanamke wa umri wa Joakimu, mrefu, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, na hakuwa na mazoea ya kuja gatini kwa watu. Nyuma yake wasichana wawili walibeba dumu la maji kati yao. Walisalimiana habari za leo na habari za mifugo, ikaenda mpaka mwisho kama inavyotakiwa, na ndipo mama yule akamwonyesha dumu.

“Nusa.”

Joakimu akanusa.

“Dumu hii ni ya tatu,” alisema Mama Gidamis. “Mbili zimeshapikwa. Mke wa mtoto wangu amejifungua, leo ni siku ya tisa, bado yuko ndani. Wamempikia uji kwa maji hiyo. Ameonja, ametapika.” Maji ya ng'ombe ni jambo la wanaume. Maji ya mzazi ni jambo la akina mama wote, na akina mama wa Kibarbaigi wakiketi kwa ajili ya mzazi, mwanaume yeyote, awe tajiri awe nani, hutii walichoamua. Joakimu alikuwa ameishi pale muda wa kutosha kulijua hilo. “Nani amemwaga mafuta kwenye maji?”

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja, mimi, lingemaliza kila kitu siku ile ile. Joakimu alifungua mdomo ili alitoe. Akawaona wale wasichana wawili wakimtazama, yeye mzee wa miaka hamsini na nane, mwenye koti, aliyepima mahindi miaka ishirini na miwili bila mtu kumnyooshea kidole, na ulimi, ambao hauna mfupa, ukageuka wenyewe.

“Mafuta analeta Festo,” alisema.

Maneno matatu, na yote ya kweli. Ndiyo maana yalimkaa kooni kuliko uongo. Mama Gidamis aliyarudia kwa lugha yake, wasichana wakaguna, na wote wakaondoka na dumu lao.

Jumamosi Alex alikuja na wakwe, wakazunguka ziwa, wakapiga picha viboko. Aliporudi alimshika Joakimu bega mbele ya watu, akasema kweli mzee ana mkono mzuri, tenki lilijaa mpaka pomoni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nini hiki anachosikia, kwamba dumu la Festo lilivuja mpaka ziwani? Joakimu alisema watu wanasema hivyo. Alex akatikisa kichwa, akasema basi atatafuta mtu mwingine wa mafuta, maana hataki ugomvi na majirani. Usiku ule Joakimu hakula. Nyama aliyoachiwa na wageni aliwapa mbwa.

Jumapili, akitoka kanisani, alipita njia ya ziwani na kumkuta Festo. Festo alikuwa amefikisha maji kwa bibi mmoja ambaye alimchotea tangu alipoanza kazi hiyo. Bibi alifungua kizibo, akanusa, na ingawa maji yalikuwa safi kabisa, aliliinamisha dumu pale pale, maji yote yakaenda ardhini mbele ya miguu ya Festo. Hakumtukana. Alisema tu kwamba mikono yake siku hizi ina mafuta. Wanawake wengine walichukua madumu yao matupu na kuanza kutembea kwa miguu, njia ya saa nzima, jua la saa saba. Joakimu aligeuza njia kabla Festo hajamwona. Masikio yalimwaka moto kama mtoto aliyezabwa kibao, na alijua fika kwamba kibao kile hakikuwa kimempata aliyestahili.

Jumatatu asubuhi Festo alikuja gatini. Joakimu alipoisikia pikipiki alitamani ziwa limmeze, akijua kwamba sasa yamefika. Festo alishuka, akamwamkia kama siku zote, kisha akalifungua dumu moja lenye kamba nyekundu na kuliweka juu ya mbao kati yao wawili.

Alikuwa amelijaza maji juzi jioni, alieleza, akalilaza juu ya mchanga mkavu mpaka asubuhi ili aone linavujia wapi. Halikuvuja. La pili nalo akalifanyia hivyo hivyo. Alikuwa amelichunguza jambo lile pande zote na hakuona njia, ila labda alipokuwa anashusha, kwa ile haraka ya ubatizo, kizibo kimoja kilikuwa kimelegea.

“Kwa hiyo nimekuja kukuomba msamaha, mzee,” alisema. “Nilikuachia kazi siyo yako, nikakuingiza kwenye aibu mbele ya bosi na mbele ya akina mama. Ni haraka yangu.”

Kuna aibu inayomfanya mtu ainame, na kuna ile inayomfanya akauke. Joakimu alikauka. Aliliangalia dumu lile zima, lisilo na kosa, na mkono wa yule mtu juu yake, akasikia maneno yote ya kukiri yamejipanga mdomoni kama watu kwenye foleni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Alichosema hatimaye ni kwamba yameshapita. Ndiyo, Joakimu Bura alimsamehe Festo. Festo akamshukuru, akasema akina mama wamemwita Alhamisi, wanataka dume jeusi la ng'ombe liwe faini, naye analo moja tu, lile alilokuwa akilikuza ili alifundishe kulima. Atawapelekea, yaishe. Akaondoka.

Jioni hiyo Joakimu alimpigia simu Fabiola kule Mbulu. Walizungumza habari za maharage, za mvua, za paroko mpya. Kisha akamsimulia, kama habari tu, kwamba huku kuna mzee mmoja amemwaga petroli majini na kumwacha mtu mwingine abebe. Fabiola aliuliza yule aliyesingiziwa anasemaje. Joakimu akajibu kwamba amekwenda kumwomba yule mzee msamaha.



“Huyo mzee wenu hana haya,” Fabiola alisema. “Ana watoto kweli?”

Joakimu alisema anao watano. Fabiola akasema maskini watoto wake, akamtakia usiku mwema.

Unaweza kudhani kwamba baada ya hapo aliamka na kwenda moja kwa moja kwa Mama Gidamis. Jumanne alisema atakwenda kesho. Jumatano alifika mpaka kwenye uzio wa boma, akakohoa, mbwa wakabweka, akarudi. Alijiambia kwamba afadhali alisemee mbele ya kikao chenyewe, ili lisikiwe mara moja na wote, na hilo lilikuwa jambo la busara, kama zilivyo hoja nyingi za waoga. Alhamisi aliamka alfajiri. Akanyoa ndevu. Akapiga pasi shati ambalo lilishapigwa pasi. Akafagia gati lisilo na uchafu, akaketi kitandani amevaa viatu, akahesabu mbao za dari. Aliposimama jua lilikuwa limeshapita utosini.

Akina mama walikuwa wameketi kwenye uwanja mkavu nyuma ya boma, yapata thelathini, wengine wamevaa sketi za ngozi za heshima. Mwanaume haketi kwenye kikao kile. Joakimu alisimama mbali, penye uzio, akavua kofia, na kabla hajasema neno aliona ngozi ya ng'ombe imewambwa chini kwa vigingi, upande wa nyama ukiangalia juu, manyoya meusi yakichungulia pembeni, bado ina unyevu. Sufuria kubwa tatu zilikuwa motoni. Festo alikuwa kando ya pikipiki yake upande wa pili, amesharuhusiwa kuondoka.

Mama Gidamis alimwuliza amefuata nini.

“Petroli niliimwaga mimi,” Joakimu alisema.

Sauti ilitoka ndogo, akaambiwa arudie. Alirudia. Akaendelea, kwa sababu mtu akishaanza kuporomoka hachagui pa kusimamia: kwamba aliambiwa atoe tenki hakulitoa, aliambiwa aache vidole viwili akaona ni uchoyo, akajaza mpaka juu kama anapima mahindi, ikavimba na jua, ikamwagika, na kwa kuogopa kuonekana mjinga akaichota kwa bakuli na kuitupa ziwani kwa mikono yake hii. Dumu la Festo halikuvuja. Festo hakuwepo. Mwanamke mmoja kijana aliwafasiria akina bibi wasiojua Kiswahili, na kila kipande kilipofasiriwa, Joakimu alilazimika kukisikia mara ya pili kwenye nyuso zao.

“Mimi nilikuuliza,” alisema Mama Gidamis. “Ulisema Festo.”

“Nilisema mafuta analeta Festo.”

“Ndiyo. Ulisema Festo.”

Joakimu aliinamisha kichwa. “Nilisema kweli ili muelewe uongo,” alisema. Kisha akasema kile alichokuwa amekiandaa njia nzima, kitu pekee kilichomwezesha kutembea mpaka pale: kwamba huko Mbulu anaye ng'ombe, dume, jeusi lote isipokuwa mguu mmoja, na kabla ya Jumapili litakuwa hapa. Alitamka hilo kwa nguvu kuliko mengine yote. Alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kwamba ana mahali pa kukanyaga.

Akina mama walinong'onezana. Ilichukua muda. Bibi mmoja mwenye fimbo alisema maneno machache bila kumtazama, na wote wakakubaliana naye. Mama Gidamis akasimama.

“Kosa moja linalipwa mara moja,” alisema. “Mzazi ametulizwa. Maji imepozwa, imeombewa. Ng'ombe amechinjwa. Yote imefanyika kwa jina la Festo, na haiwezi kurudi nyuma. Kwetu wewe huna kitu cha kulipa.”

Joakimu alisema tafadhali. Alisema angeleta mawili. Mama Gidamis alimjibu kwa upole kabisa kwamba ng'ombe wake abaki naye, wala hakuna atakayemsema, habari imekwisha, kisha akaketi na kumpa mgongo. Wanawake wakarudi kwenye masufuria yao. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemzomea. Mzee yule, ambaye wiki nzima alikuwa ameiogopa adhabu, alielewa sasa kwamba adhabu ingekuwa rehema, na kwamba wamemnyima.

Akaizunguka ile ngozi, akamfuata Festo. Festo alikuwa amesikia yote. Alikuwa anafunga madumu matupu kwenye pikipiki, bila kamba nyekundu hata moja, na mikono yake ilifanya kazi polepole kuliko kawaida. Joakimu alimwambia kwamba dume lile la Mbulu ni lake sasa, alichukue, alifundishe kulima. Festo aliiangalia ngozi iliyowambwa, akaangalia tena kamba aliyokuwa akiifunga.

“Jumatatu nilikuja kwako,” alisema.

Joakimu alisema anajua.

“Tulikuwa wawili tu pale gatini. Ungeniambia, mzee. Ungesema Festo, nimemwaga, naona aibu.” Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya; alikuwa anaeleza tu, kama alivyoeleza habari za tenki. “Wewe ni mzee wangu. Ningekwambia nyamaza, nitasema ni mimi. Hata dume ningelitoa hivyo hivyo.”

Akakaza fundo la mwisho, akapanda, akawasha pikipiki. Kulikuwa na wanawake watatu wanamsubiri ziwani na madumu yao.

Joakimu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa njia nzima alikuwa ameyafikiria matusi, na moyoni alikuwa ameshayapokea moja moja. Kwa maneno yale ya Festo hakuwa amejiandaa. Alisimama pale pale na kofia mkononi, mpaka mwanamke mmoja aliyebeba kuni akamwomba asogee kidogo, amesimama njiani.